Vidonge vya Mwenyekiti

Nimekosa, na simwombi mtu huruma. Miaka ile ya kuhamia vijijini nilikuwa muuguzi katika hospitali moja huku Kilosa. Kuna mgonjwa nilimfanyia unyama kwa neno moja tu.

Alikuwa mwenyekiti wa kijiji kimoja upande wa Mikumi. Ndiye aliyesimamia nyumba yetu ikibomolewa ili tuhamie kijijini kwake, baba akiwa hoi kitandani. Walimtoa na kitanda chake, wakamtua kwenye kiwanja kitupu. Mvua za mwaka ule hakuzimaliza.

Basi siku hiyo analetwa kashika tumbo. Hakunitambua! Nami shikamoo sikumpa.

"Mwanangu, mwambie daktari nameza vidonge vya pumu, vile vikali. Miezi mingi sasa."

"Nitamwambia."

Vidonge vile nilivijua. Daktari wetu, kijana mpole, ndiye aliyetufundisha: vinaunyima mwili nguvu ya kupigana na vijidudu, tena vinaficha homa na maumivu. Tumbo linaweza kuwa limeoza ndani, ukilibonyeza ni laini.

Daktari akalibonyeza. Laini. Homa hakuna.

"Sista, anatumia dawa yoyote?"

"Hapana, daktari."

Jamani! Nilisema kwa raha, sitawadanganya. Daktari akaamua tumwangalie kwanza, nami nikamwangalia kwelikweli, huku namkumbuka baba.

Siku ya tatu presha ikashuka, wakampasua. Kidole tumbo kilishapasuka zamani, usaha umejaa kila mahali. Baada ya hapo kidonda kikakataa kufunga, nyuzi zikaachia.

"Ulimwambia daktari?" akaniuliza.

Nikamjibu ndiyo. Akafa akiniamini.

Yeye simlilii, hata leo! Namlilia daktari. Alikaa chumba cha dawa akisema, "Nimemuua mimi, sista, nilichelewa." Nami nikammiminia chai, nikamwacha aamini hivyo! Hakushika kisu tena. Akaacha kazi, akarudi kwao kulima, nasi tukabaki bila mpasuaji.

Haukupita muda, mdogo wangu wa kike akashikwa na uchungu, mtoto kakaa vibaya. Wa kumpasua hayupo. Tukampakia kwenye lori kwenda Morogoro. Hatukuvuka Kimamba, akafa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Mama hajui hadi leo kwa nini daktari aliondoka.

Wewe muuguzi unayesoma hapa, una adui? Mchukie ukiwa kwako. Akishalazwa wodini mwako, andika dawa zake zote.