Fundi Masalio na Viti Viwili vya Kulala

Karakana ya Fundi Masalio ina rafu kumi na mbili, na kumi kati yake zimejaa vipande vya vitambaa ambavyo mtu mwingine angevifagia. Velveti ya upana wa kiganja, ngozi bandia isiyotosha hata kigoda, pindo la pazia la mteja ambaye sasa ni babu. Ndipo lilipotoka jina lake. Amepamba makochi miaka thelathini na minne na hajatupa kipande. "Kitakuja kutakiwa," husema, akikikunja.

Pointi nazo alizikusanya kwa roho ileile. Kila alipolipia sponji, gundi au jora la kitambaa kwa kadi yake, benki ilimwandikia pointi, ambazo zingeweza kuhamishiwa kwenye shirika la ndege zikawa tiketi. Kwa miaka kumi na mmoja alizitazama zikinenepa kwenye simu, kama mfugaji asiye na nia ya kuchinja anavyomtazama ng'ombe wake.

"Haba na haba hujaza kibaba," alimwambia mkewe.

"Kibaba kilishajaa, baba watoto. Kinamwagika. Utakula lini?"

Mkewe alikuwa na haki ya kuuliza. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alihamia ng'ambo kwa mwanawe miaka kumi na tisa iliyopita, na sasa masikio yake hayamruhusu kupanda ndege. Kama ni kuonana, mdogo ndiye wa kwenda. Lakini mdogo naye ana mgongo mbovu: pingili mbili za kiunoni zimesagika, na akikaa wima zaidi ya saa mbili hunyanyuka amejikunja kama ndoano. Safari huchukua saa kumi na moja. Njia ilikuwa moja tu: viti vya daraja la biashara, vile vinavyolala vikawa kitanda, ambavyo bei yake kwa fedha taslimu ingemeza karakana pamoja na rafu zake.

Kilichomwamsha fundi ni ujumbe wa benki: kuanzia mwezi ujao, tiketi zilezile zitataka pointi nyingi zaidi. Akiba haiozi, walisema wahenga. Hawakuwa na kadi ya benki.

Siku hiyohiyo aliweka stepla chini, akavaa miwani, akaanza kutafuta. Watu wawili, kwenda na kurudi, kutoka hapa hadi mlangoni kwa shemeji. Shirika la kwanza likasema nafasi hakuna. La pili vilevile. La tatu likafungua viti viwili, moyo ukamruka, hadi aliposhuka chini ya ukurasa akakuta kodi, ada na tozo ya mafuta. Alimwita mkewe asome naye, maana hakuyaamini macho yake.

"Hii ndiyo tiketi ya bure?"

"Ya pointi."

"Bure gani hii inayolipiwa kama nauli? Kwa hela hii tunanunua mbili za kule nyuma na chenji inabaki."

"Kule nyuma huwezi kukaa."

"Basi mwambie dada aendelee kutuma picha."

Alisema akicheka, kisha akaingia ndani kujilaza ubavu, na fundi akajua kicheko kile kilishonwa kwa uzi mwembamba.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kuhamisha pointi. Hakubonyeza. Pointi zikishatoka benki kwenda kwenye shirika hazirudi, na yeye anajua kuliko wengi kwamba kilichokatwa hakirudi kwenye jora.

Asubuhi yake alikuja mteja kuchukua kiti chake cha kusomea: mama mstaafu, aliyehudumu ndani ya ndege miaka ishirini na sita. Alikikalia, akakitikisa, akaridhika. Kisha akaiona karatasi iliyojaa tarakimu pale mezani.

"Fundi, hizi ni ndege au ni vipimo vya sponji?"

Alimweleza. Mama akacheka mpaka kiti kikatoa mlio.

"Umekwenda kwa mwenye tozo nene kuliko wote! Haya mashirika ni ndugu, yanagawiana viti. Ndege ileile, kiti kilekile, ukikichukua kwa pointi za ndugu asiyewabebesha watu tozo ya mafuta, unalipa kodi za uwanja basi. Tena usitafute safari nzima. Tafuta kipande kimoja kimoja."

Kuambiwa habari za vipande, yeye mwenye rafu kumi!

Alianza upya, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amepata. Kipande kirefu, saa tisa na nusu hadi mji wa kubadilishia ndege, kilikuwa na viti viwili vya kulala, na ada yake haikuzidi bei ya jora moja la kitambaa cha kawaida. Kurudi pia. Lakini kipande cha mwisho, saa moja na nusu, kilikuwa na viti vya kawaida peke yake.

Fundi aliinamisha kichwa. Mbele yake kulikuwa na kochi la mteja, limelazwa kifudifudi, likisubiri kufunikwa nyuma. Kila fundi makochi anajua: kitambaa cha gharama huwekwa pale watu wanapokaa, na nyuma, panapotazama ukuta, huwekwa cha bei nafuu, na hakuna nyumba iliyowahi kuanguka kwa aibu. Kwa nini safari ivae velveti kote?

"Mama watoto! Saa moja na nusu kwenye kiti cha kawaida, utaweza?"

"Saa moja na nusu? Nimekaa kwenye kikao cha ukoo wenu saa nne, tena nimenuna."

"Nakuuliza kweli."

Alijipapasa kiuno. "Nikipata kitu cha kuegemea hapa, nitaweza."

Fundi akabonyeza kitufe. Pointi za miaka kumi na mmoja ziliondoka kwa muda wa chafya moja. Kisha akapanda ngazi hadi rafu ya juu, akashusha zile velveti za kiganja, akamshonea mkewe mto: vipande ishirini na vitatu, rangi zisizosalimiana, ndani sponji ngumu aliyoichonga kufuata kiuno chake, mpaka mkewe akalalamika kwamba anapimwa kama kabati.

Ndani ya ndege, mchana kweupe, mkewe alibonyeza kitufe, kiti kikalala, naye akalala nacho. Fundi hakulala. Alipapasa mshono wa pale pa kuwekea mkono, akaukubali. Akapenyeza kidole nyuma ya kiti, akakuta kitambaa chembamba cha bei nafuu, akatabasamu kama aliyekutana na mtu wa kwao.

"Tumefika?" mkewe akauliza bila kufumbua macho.

"Bado saa sita."

"Afadhali."

Kipande cha mwisho mkewe aliegemea mto, akasimama mara mbili kujinyoosha, akateremka kwa miguu yake. Dada alikuwa akingoja nje ya mlango wa abiria, amefupika kidogo, ameshikilia kiti cha magurudumu alichokiomba pale uwanjani. Walikumbatiana mpaka watu wakawazunguka kupita.

"Haya kaa, mdogo wangu. Najua umekuja umejikunja."

"Nani? Mimi nimekuja nimelala. Kaa wewe, nikusukume."

Dada akakaa, akawekewa mto kiunoni. Akauegemea, akaupapasa kipande kwa kipande.

"Huu haurudi," akasema.

Fundi, aliyekuwa nyuma yao na mabegi, hakubisha. Katika begi la pili alikuwa amefunga vipande vya kushonea mwingine.