Kucha Sita na Kijiko

Mambo haya yamenigharimu kucha sita. Nimezihesabu mara mbili, nne za kulia na mbili za kushoto, na hakuna wa kunipunguzia hata moja.

Nauza samaki Homa Bay, kwa hiyo mikono yangu hushinda majini na jioni huingia kwenye sabuni. Kucha zilianza kuachana na nyama kwenye ncha, zikawa nyeupe, wala haziumi. Uchafu ulipoingia chini yake niliuchokoa kwa mwiba wa mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, na kila nikichokoa, kucha zilizidi kuinuka.

Daktari aliangalia kama ni fangasi, akapima damu kuona kama ni ugonjwa wa tezi ya shingo. Hakupata kitu. "Mama, ni maji, sabuni na huo mwiba wako," akasema. "Hutamwambukiza mtu."

Nilimpelekea binti yangu habari hiyo kwake Awendo. Alikuwa amepika samaki, ngege wenye miiba mingi. Nikamvuta mjukuu wangu nimtolee miiba, kama nilivyomtolea mama yake. Binti akamrudisha upande wake, akaniwekea kijiko.

"Kwani mimi ni mgeni hapa?"

"Aa, mama. Ni hizo kucha tu."

"Daktari amesema haziambukizi."

"Nimesikia, mama. Kula."

Nikala kwa kijiko. Mtoto aliendelea kunitazama, mdomo wazi, akingoja.

Kucha huota polepole, na mtoto hukua haraka. Wewe uliyepitia haya, nishauri: nimwambie nini binti yangu, kabla mtoto hajajua kujitolea miiba mwenyewe?