Bitoto Nyeusi ya Kuku Yangu Nyeupe

Admin, unifiche jina, juu bantu bengi ya Musonoi banasoma hii page. Mi ni mama wa myaka makumi ine na tatu, niko na bwana na batoto bane. Ninafuga kuku nyeupe, nyeupe tupu, ile bantu banatafuta kwa ndoa na kwa sikukuu. Mu cité yetu yote ya Musonoi banasema ukitaka kuku safi, uende kwangu. Hiyo sifa njo iliniharibu.

Jirani yangu alikuwa mujane, tumuite Mama Béa. Bwana yake alifia mu shimo ya cobalt kule Kasulo, akamwachia binti mumoja. Alikuwa na kuku ya kienyeji yenye ilipenda kulalia mayayi. Tukapatana: mi ninaleta mayayi kumi na mbili, kuku yake inalalia, bitoto tunagawanya nusu kwa nusu. Siku ya kutotoa akaniita na furaha. Bitoto kumi. Saba ya manjano, vile bitoto ya kuku nyeupe binakuwaka. Tatu nyeusi kama makala ya jiko.

Nikamuuliza: "Mama Béa, mayayi yangu uliipeleka wapi?"

Akacheka, alifikiri ninatania. "Njo ile ile uliniletea, yaya, dada yangu. Sikugusa hata moja."

"Jogoo yangu nyeupe, kuku yangu nyeupe. Nyeusi inatoka wapi? Uliuza yangu, ukaweka ya kuku yako."

Akapiga magoti, akaapa kwa kaburi ya bwana yake. Mi nikakamata bile bitoto nyeusi, nikavunja shingo, kimoja kimoja, mbele yake na mbele ya binti yake. Kisha nikabeba ile saba, pamoja na kuku yake, nikasema ni adhabu. Hakunizuia. Alibaki anaangalia mikono yangu.

Hapo ningetosheka. Sikutosheka. Siku ya dimanche, misa ikiisha, nikamusimamisha katikati ya bamama ya parokia, nikasema mwenye kuiba mayayi ataiba hata nyama ya matanga. Bakamutoa mu kundi ya bamama benye kupika ku matanga. Madame mwenye Mama Béa alikuwa anamufulia nguo akasikia, akamufukuza. Mwezi haukuisha, akaenda Mutshatsha kwa kaka yake, kuchoma makala ya kuuza. Nilisimama ku mulango kuangalia vile banafunga matela yake ya kulalia ku taxi-moto. Nilijisikia muzuri. Ninasema kweli.

Nyuma ya myezi sita, kuku yangu mwenyewe, mu kizimba yangu ya kufuli, ikatotoa. Mbili nyeusi. Mayayi niliiweka na mikono yangu. Nikatumbukiza bile bitoto mu ndoo ya maji, batoto bangu bakingali ku masomo.

Siku ingine veterinaire akakuja kuchanja kuku, akaona kitoto kingine nyeusi chenye mi sikuona. Nikadanganya: "Hiyo ni ya jirani." Akakamata jogoo, akafungua bawa, akanionyesha matone madogo meusi ku manyoya.

"Mama, hii ni yako," akasema. "Huyu jogoo alipata nyeupe kwa muzazi mumoja na nyeusi kwa mwingine. Nyeupe inafunika tu, kama chokaa ku ukuta. Nyeusi iko ndani. Kuku zako ni hivyo hivyo. Kitoto kikipata nyeusi ya baba na nyeusi ya mama, hakuna cha kuifunika. Karibu kimoja ku kila bine. Hakuna mwizi, hakuna mulozi."

Nilimuambia bwana yangu peke yake. Akajibu: "Nyamaza. Ukisema, kesho batasema tunauza kuku ya kuchanganya." Nikanyamaza. Ni myaka mbili sasa, na kila nyeusi yenye inatoka ninaiua.

Sasa binti ya Mama Béa amepata muchumba, kijana wa hapa hapa Musonoi. Juma lililopita mama ya kijana alikuja kwangu. "Yaya, we njo unabajua. Ni kweli mama ya huyu binti ni mwizi?"

Jibu lilikuwa mu kinywa. Nikasema: "Mi sipendi kusema mambo ya bantu." Akatikisa kichwa, akaaga. Kesho yake bakasimamisha ndoa.

Jana Mama Béa akanitumia audio. Nilifikiri atanitukana. Sauti yake ilikuwa ya pole: "Yaya, sikuombi kitu juu yangu, yangu imepita. Uende tu kwa ile familia ya kijana, useme mutoto wangu hatoki mu nyumba ya bezi. Hiyo tu." Nimesikiliza mara saba. Sijajibu.

Bwana yangu amesema nikifungua kinywa, nisirudi mu nyumba yake. Na bale bamama ya parokia, nitabaangalia na macho gani? Lakini nikinyamaza, binti atabeba jina yenye mi nilipatia mama yake.

Muniambie bila kunihurumia, mi nifanye nini? Musinitume tu kusali. Mungu nimeshamuomba musamaha mara mingi. Mama Béa, sijamuomba hata mara moja.