Mstari wa Tatu

Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya misheni kule Kaloleni, miaka ya themanini, mwalimu wetu wa dini alipotuchorea jedwali ubaoni. Juu aliandika: jina la Mungu, mahali pa ibada, sala, sadaka, miiko. Kila mmoja ajaze dini za kwao. Alikuwa mtu wa bara, mpole, na alituambia kwamba msomi wa dini hahukumu, anatazama tu. Nikamwamini, mjinga mimi.

Nikajaza Ukristo wa baba, nikajaza Uislamu wa mjomba wa Malindi, na mstari wa tatu nikampa bibi. Mungu: Mulungu. Mahali: vijiti vya koma vilivyochomekwa kando ya nyumba yake, kwa ajili ya wazee wetu waliotangulia. Sala: uzima, mvua, watoto. Sadaka: tembo la mnazi kidogo, analowamwagia kabla hajanywa yeye. Miiko ilikuwa mingi, nikaibana kwa herufi ndogo.

Daftari likarudi, mstari wa tatu umekatwa kwa wino mwekundu. "Hii si dini, ni mila. Andika upya bila huu." Lo! Nikamuuliza mbele ya darasa ni chumba kipi cha jedwali nilichokiacha kitupu. Akanipeleka kwa mkuu wa shule, naye akaamua: nilete mkubwa wa nyumbani, niandike upya mbele yake, la sivyo shule basi. Baba alikuwa kazini kwenye mashamba ya chumvi, Marereni. Akaja bibi.

Tukaletewa chai. Mkuu akafumba macho, akaomba, akanywa. Bibi naye akainamisha kikombe, akamwaga kidogo sakafuni, akanong'ona na wazee wake waliotangulia, akanywa. Mwalimu akaruka. "Mama, hapa ni ofisini!"

"Mwalimu," nikasema, "si tunatazama tu?"

Mkuu akanisukumia karatasi na kalamu. Nikamgeukia bibi, nikidhani atanitetea.

"Andika wanavyotaka, mjukuu wangu," akasema. "Usome. Mulungu hasomi madaftari."

Iliniuma kuliko wino ule mwekundu. Yeye hakujua kusoma. Kama ningemwacha nje ya karatasi ile, asingejua kamwe. Ningejua mimi. Nikaandika mistari mitatu, wa bibi nikauweka juu kabisa, nikamrudishia mkuu kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Akaisoma. Akaniambia nikachukue godoro langu bwenini.

Njia nzima bibi alinigombeza. Mkataa wengi ni mchawi, nani atakusomesha sasa, baba yako nitamwambia nini? Alikuwa analia, masikini. Nami nilikuwa nalia, godoro kichwani, na kila alipouliza kwa nini, nilimjibu: "Kwa sababu una dini, bibi."