Kitunga Kisichofungwa Mdomo

Nilipokuwa mtoto, upande wa Kasugho, niliogopa mto kabla sijajifunza kuogopa bunduki. Bunduki tulizisikia kwa mbali tu, kama mtu anayepasua kuni nyuma ya kilima. Mto ulikuwa karibu, chini ya mashamba yetu ya maharagwe, na bibi yangu alikuwa na maneno yake kuhusu mto huo.

Bibi, tuliyemwita Mukaka kwa Kinande, alikuwa fundi wa vitunga. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumwagiza vitunga vya kubebea zawadi za arusi. Alikuwa Mprotestanti asiyekosa ibada, lakini kulikuwa na mambo ambayo hakuyapeleka kanisani. Moja lilikuwa hili: kitunga ambacho hakijafungwa mdomo, yaani ukingo wake wa juu haujamalizwa kusukwa, hakivuki mto.

"Kitunga chenye mudomo wazi kinaita," alituambia mimi na dada yangu Masika, tukiwa tumekaa uwanjani miguuni pake. "Ukikivusha, muto utabakiza mutu."

"Utabakiza nani, Mukaka?"

"Mutu wa kwenu."

Hakucheka. Masika, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na sauti iliyosikika juu ya zote katika korali yetu ya kanisani, alinifinya mgongoni ili niogope zaidi. Niliogopa. Nilikuwa na miaka minane.

Kitunga changu cha kwanza nilikianza wakati wa vita. Kilikuwa kidogo, cha kutosha mayai matano, na kilipinda upande mmoja. Masika alinisaidia kuweka mstari mweusi kwa nyuzi alizozilaza mwenyewe kwenye tope la bondeni ili zishike weusi. Nilikipenda kitunga kile kama mtoto anavyopenda kitu kibaya alichokitengeneza kwa mikono yake. Ulibaki mdomo tu.

Siku askari walipokuja, jua lilikuwa bado juu. Baba alikuwa mjini Butembo kwa biashara. Jirani mmoja alipita mbio, kiatu kimoja mguuni, akapiga kelele bila kusimama: "Basoda banakuya! Banachoma manyumba!" Mama aliangusha jembe. Mukaka alichukua chumvi na blanketi. Mimi niliingia ndani, nikachukua kitunga changu, nikakificha chini ya kitenge nilichofungwa kifuani. Nilijua ninachofanya.

Kwenye njia ya mtoni tulikuta nusu ya kijiji. Hakuna mtoto aliyelia. Akina mama walikuwa wamewafunika midomo kwa viganja. Nyuma yetu kulikuwa na harufu ya mapaa ya nyasi yanayoungua. Daraja letu lilikuwa la kamba za msituni na miti iliyofungwa pamoja, na kwa kawaida watu walivuka wawili wawili. Siku hiyo hakuna aliyengoja zamu. Mukaka alivuka, kisha Mama akanishika bega.

"Mama, niko naogopa."

"Utaogopa kule ng'ambo. Sasa tembea."

Mama alitangulia. Masika alinisukuma taratibu. "Pita. Hapana angalia chini. Miye niko nyuma yako."

Nilitembea. Kila hatua, ukingo ulio wazi wa kitunga ulinichoma mbavu, na chini yangu maji mekundu ya mvua yalikuwa yananguruma. Nilitaka kukitupa. Lakini mikono yote miwili ilikuwa imeshika kamba, na haikukubali kuachia. Nilipofika mwisho, Mukaka alinivuta kifuani pake kwa nguvu, nikageuka kumtafuta Masika.

Hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amempisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mwanamke yule alifika, akapiga magoti, na papo hapo risasi zikaanza.

Watu wote waliobaki walijitupa darajani kwa pamoja. Kamba moja ikakatika kwa mlio, daraja likalala upande. Wengine walianguka na hatukuwaona tena. Masika alikuwa bado karibu na mwanzo wa daraja. Alirudi nyuma akiwa amening'inia kwenye kamba, akasimama kwenye ukingo tulikotoka, na sketi yake ya njano. Mto haukuwa mpana. Ningeweza kumrushia jiwe. Mama aliita jina lake mara moja tu. Masika akatuonyesha msitu kwa mkono, kisha akakimbilia huko pamoja na wengine.

Tulitembea siku tatu hadi Butembo, alikokuwa Baba. Kitunga nilikitupa kwenye shamba la viazi la watu nisiowajua. Baada ya miezi kadhaa, mzee mmoja wa kijiji chetu alifika akatuambia kwamba Masika alishikwa na homa msituni, wakamzika huko. Walimwimbia, alisema, lakini kwa sauti ya chini, wasisikike.

Sikumwambia mtu habari za kitunga. Nilipoanza tena masomo, nilizunguka njia ndefu ili nisivuke hata kijito. Mukaka naye hakusuka tena kitunga. Nilidhani ni uzee.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili alipougua. Siku moja mchana, tukiwa wawili tu chumbani, nilishindwa kuendelea kunyamaza.

"Mukaka, siku ile kwa daraja, nilikuwa na kitunga. Hakikukuwa na mudomo."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nilipokuvuta nilikigusa." Alifunga macho. "Ningekitupa mu maji, pengine Masika angevuka. Lakini ulikuwa unatetemeka. Nikasema, huyu mutoto hana tena kitu, nimuachie. Miaka yote hii naomba Mungu anisamehe. Miye, hapana weye."

Nilipanda kitandani nikalala kando yake, kama nilivyofanya nikiwa mdogo, tukalia. Mama alitukuta hivyo, akashtuka mlangoni. "Nani amekufa?"

"Masika," Mukaka akamjibu.

Mama aliweka chini ndoo ya maji, akaja kukaa nasi.

Watu huniuliza kama naamini mambo ya wazee. Sina jibu fupi. Najua tu kwamba mimi na Mukaka tuliishi chini ya paa moja miaka kumi na minne, kila mmoja akijihukumu kwa siri, wakati waliopiga risasi hatukujua hata sura zao. Kujilaumu kulikuwa rahisi kuliko kukubali kwamba mtoto wetu alikufa kwa sababu isiyokuwa na uhusiano wowote nasi, na kwamba hakuna tulichoweza kushika wala kutupa ambacho kingewazuia watu wale.