Fundi wa Lifti na Sauti ya Kilomita Elfu Mbili

Waliokuwepo Jumapili hiyo katika chumba cha mitambo, juu kabisa ya jengo la ghorofa nane, ni hawa: fundi wa lifti, mwenye chumba; mkewe, mshonaji wa mapazia; mwalimu mkuu mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya wapangaji; katibu wake, mpangaji wa ghorofa ya saba anayeitwa Bwana Rimoti; na fundi bomba, aliyekuja na futi yake ya kupimia. Viti vilikuwa viwili.

Ni saa tatu na nusu asubuhi. Fundi wa lifti ameinama juu ya meza ya mbao, mkono mmoja kwenye redio ya mawasiliano, mwingine kwenye usukani wa gari uliochomekwa katika bomba linalopenya dari. Akizungusha usukani, antena iliyo juu ya paa nayo inageuka. Nyuma yake mota ya lifti inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena.

Kamati imekuja kwa jambo moja. Maji hayafiki ghorofa za juu, tangi la pili linahitajika, na nguzo ya antena imesimama pale ambapo zege la paa ni imara kuliko pengine pote. Fundi amepewa mpaka saa sita mchana kuonyesha kwamba chombo chake kinazungumza na mtu aliye mbali. Asipoweza, fundi bomba ataing'oa nguzo leo hii.

"Miaka sita namsikia akiongea na ukuta," anasema Bwana Rimoti, ambaye kila picha ya televisheni yake inapotetemeka hupanda juu kulalamika. "Leo tuusikie ukuta ukijibu."

Fundi anageuza usukani kidogo. Ana umri wa miaka arobaini na saba, na ishirini kati ya hiyo ameitumia kuitunza lifti iliyotengenezwa kwa watu sita, ambayo wapangaji huijaza tisa na gunia. Umeme ukikatika hupanda kwa miguu, ngazi 164, kwenda kuwatoa waliokwama. Mkewe anasema hana wasiwasi naye. "Wengine waume zao wakitoka hujui wameishia wapi. Wangu nikimtaka, nahesabu ngazi tu."

Wapangaji wamembatiza jina la Masafa, kwa dhihaka. Yeye ni mwendesha redio ya ridhaa: ana leseni ya kuzungumza hewani bila biashara wala malipo, na ana alama ya kituo, yaani herufi na tarakimu zinazomtambulisha popote duniani. Mtihani wa leseni aliufanya mara tatu. Redio aliinunua ikiwa imetumika, nayo ilimeza mishahara yake minne. Antena haikumgharimu kitu, kwa kuwa aliiunda kwa fimbo za mapazia ambazo mkewe alikuwa amezikata vibaya.

Wenzake wengi hutumia mawimbi yanayovuka bahari kila siku. Yeye amejichagulia masafa ya juu sana, ambayo hunyooka kama mwanga wa tochi. Yakifika kwenye vilima vilivyouzunguka mji, kilomita sitini hivi, safari yake imekwisha.

Mwalimu mkuu anauliza, kwa sauti ya mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na minne, kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu achague redio isiyofika.

"Kwa sababu kuna siku inafika, Mwalimu," anajibu fundi.

Anaeleza taratibu. Kilomita mia moja hivi juu ya vichwa vyetu, kuna siku ambapo sehemu ndogo ya anga hubadilika ikawa mfano wa kioo. Mawimbi ambayo siku zote hupotelea juu hugonga hapo, yakarudi chini nchi ya mbali. Hapo waendesha redio husema njia imefunguka. Inaweza kudumu dakika tano au nusu saa, na hakuna awezaye kuahidi itafunguka lini. Katika miaka sita, daftari lake lina mawasiliano kumi na moja tu yaliyovuka vilima. Mawili ndiyo yaliyozidi kilomita elfu moja.

Tena kuna kanuni. Mawasiliano huhesabiwa pale tu kila upande unapopokea alama ya mwenzake na kipimo cha jinsi anavyosikika, kisha kila mmoja akatamka kwamba amepokea. Muda ni mfupi, kwa hiyo hakuna neno la ziada. Juu ya redio fundi amebandika karatasi yenye maneno mawili: SALAMU BAADAYE. Aliibandika mwenyewe, baada ya kumpoteza mtu hewani akiwa bado anamuuliza hali ya watoto.

Saa nne inapita. Bwana Rimoti anatazama saa yake kila baada ya dakika mbili, na kila akiitazama anaguna. Mke wa fundi anatoa sindano na pindo la pazia. Pembeni mwa meza kuna redio ndogo ya kawaida, ya kusikilizia taarifa na muziki, iliyowekwa mahali pasipo na kituo chochote. Inatoa mchakacho tu. Fundi bomba anauliza kwa nini isizimwe, inawaumiza masikio. Fundi wa lifti anamwomba aivumilie. Hiyo ndiyo mlinzi wake.

Saa nne na dakika ishirini, mlinzi anasema.

Mchakacho unapasuka, na katikati yake mwanamume anasoma taarifa kwa lugha ambayo hakuna mmoja wao anayeijua. Inatoweka. Inarudi, safari hii safi. Fundi ameinua kiganja. Kituo cha nchi ya mbali kimetua katika redio ile ndogo. Anga inafunguka, kuanzia masafa ya chini ikipanda, na muda si mrefu itafika kwenye masafa yake.

Anazungusha usukani polepole. Anabonyeza kitufe cha kipaza sauti, anataja alama yake mara mbili, anaachia. Mchakacho. Anageuza antena kidogo tu, anaita tena.

Sauti ya mwanamke inajibu.

Haikwaruzi wala haitetemeki. Iko wazi kana kwamba mwenyewe amesimama mlangoni akisubiri kukaribishwa. Anaitaja alama ya fundi bila kukosea herufi hata moja, kisha yake mwenyewe, kisha kipimo, kisha namba ya mraba wa ramani anapokaa. Sindano ya mshonaji imesimama hewani. Futi ya fundi bomba inamponyoka na kujirudisha kwenye kasha lake, wala haiokoti. Bwana Rimoti amevua kofia, na huenda hajui kwamba ameivua.

Fundi anaandika daftarini. Anabonyeza kitufe. Anasema amepokea, anatoa kipimo chake, anataja mraba wake. Kilichobaki ni kuachia kitufe ili mwanamke yule aseme neno moja, kwamba naye amepokea.

Hapo mwalimu mkuu, ambaye maisha yake yote hajaingia darasani bila salamu, anamgusa begani.

"Mwanangu, msalimie mwenzio."

Mwalimu huyu ndiye aliyemfundisha mke wa fundi kusoma. Kumkatalia, tena mbele ya watu, fundi hawezi. Kwa maneno machache ya kigeni aliyo nayo anasema kwamba ana wageni, nao wanamsalimu, na wanamtakia siku njema yeye na wa nyumbani kwake. Zinapita sekunde nane, pengine tisa. Anaachia kitufe.

Mchakacho.

Anaita kwa robo saa, akigeuza usukani huku na huku. Redio ndogo nayo imerudia mchakacho wake. Nyuma yao mota ya lifti inanguruma, inanyamaza.

"Alikuwa wapi yule?" anauliza Bwana Rimoti, kwa kunong'ona.

Fundi anatandaza ramani, anatafuta mraba, anapima kwa uzi aliopewa na mkewe. Kilomita elfu mbili mia moja na arobaini. Bwana Rimoti anauliza kama kuna mnara katikati, au waya. Anaambiwa hakuna kitu, ni anga tupu na fimbo za mapazia. Anaupima ule uzi upya kwa vidole vyake mwenyewe, na jibu ni lile lile.

Mwalimu mkuu anasema basi shauri limekwisha. Fundi aandike, na yeye atatia sahihi kama shahidi.

Fundi anaweka kalamu mezani.

"Siwezi, Mwalimu. Mimi nimempokea. Yeye hajasema kama amenipokea. Hii ni nusu."

"Baba watoto, andika tu," anasema mkewe kwa sauti ya chini. "Sote tumesikia. Nguzo ibaki."

Fundi anatikisa kichwa. Anasema pengine mwanamke yule naye sasa hivi ameinamia daftari lake, na mstari ameuacha wazi vile vile. Hatajaza wa kwake kwa kubahatisha. Anachotaka, anasema, si ushindi. Anataka siku moja amsikie yule mama akilitamka lile neno moja, hata ikichukua miaka sita mingine. Njia imejifunga na leo hatarajii nyingine, kwa hiyo anamgeukia fundi bomba na kumwonyesha nati za kuanza kufungua.

Fundi bomba anakohoa. Anasema, kama anaulizwa yeye, zege la upande wa kamba za kuanikia nguo nalo litabeba tangi, ila itabidi kuongeza mita nne za bomba na nusu siku ya kazi.

Mwalimu mkuu analivuta daftari na kulitazama, pale ambapo tarehe imeandikwa, saa imeandikwa, alama ya mwanamke imeandikwa, na mwisho wa mstari hakuna kitu. Kisha anasimama, anajinyoosha, anamwambia katibu wake ashike kalamu.

"Andika hivi. Tangi litakaa upande wa kamba, na kwenye kuanika nguo tutabanana. Antena haiguswi, kwa kuwa kuna mtu ambaye hajamaliza kusema, na aliyemkatiza ni mwenyekiti. Kikao kimeahirishwa, hakikufungwa. Tutakutana hapa kila Jumapili saa tatu na nusu, na atakayefungua mdomo kabla ya yule mama kujibu, nikiwemo mimi, atateremka kwa ngazi."