Salima, Marehemu wa Jukwaani, Anarudi Malambo

Asubuhi hii kijiji cha Qurus, Karatu, bado kina ukungu. Salima Hamisi amelala chali kwenye kiwanja cha kanisa, kafunikwa shuka jeusi mpaka usoni. Amekufa. Siafu anampanda mguuni, naye hajitikisi.

"Kufa ni kazi, jamani," anasema mazoezi yakiisha, akijikung'uta majani. "Watu wanadhani napumzika."

Salima, miaka thelathini na minne, alitoka Singida kufuata vibarua. Msimu wa kahawa huchuma kwenye mashamba makubwa ya Karatu. Ukiisha, huzunguka na kikundi cha maigizo ya nyimbo. Wanaimba ngano ya kale ya Wagiriki: bibi harusi, ndiye Salima, anaumwa na nyoka, anakufa, na mumewe, mwimbaji hodari, anamfuata kuzimu amrudishe. Kiingilio ni shilingi elfu moja. Asiyekuwa nayo huja na mahindi.

Mwezi uliopita walikwenda Malambo. Kwa heshima ya wenyeji, Wamaasai wafugaji, wakambadilisha mke jina, wakamwita Nareyu. Boazi, anayeigiza mume, akaliita jina hilo kwa sauti yake yote, tena na tena.

Chini ya shuka, Salima akasikia watu wanainuka. Hawakuzomea. Ni katambuga tu zikiburuzika kuondoka, na shanga za akina mama zikigongana.

"Nikajiuliza, nifufuke au niendelee kufa?"

Aliyemfunua ni mama mtu mzima, Naserian.

"Mwanangu, hilo jina ni la binti yangu," alimwambia. "Tumemzika juzijuzi. Kwetu aliyekufa hatajwi. Mnamwita ili iweje?"

"Yeyo, tusamehe," Salima alisema, akimwita mama kwa Kimaasai. Wakalia wote wawili palepale, wanja wa Salima ukimchuruzika hadi kidevuni.

Kesho yake alikwenda bomani kwa Naserian kuomba kikundi kiruhusiwe kurudi. Mama huyo akakubali kuwasemea kwa wazee, kwa sharti moja: mke wa kwenye mchezo asiwe na jina kabisa.

Boazi alikuja juu. "Dada, kuzimu kumejaa wake za watu! Nikiita 'we mama', si wataitika wote?"

"Niite kwa mambo yangu," Salima akamjibu. "Mume gani asiyejua mkewe anavyokohoa?"

Wakautunga wimbo upya. Sasa Boazi anamwita yule anayekoroga uji kafumba macho kwa moshi, anayecheka kabla hadithi haijaisha, aliyevua viatu siku ya harusi kwa kuwa vilimbana. Walipouimba mara ya kwanza, mpiga kinanda aliacha kinanda chake akaenda kupenga kamasi nyuma ya kanisa.

Jumamosi, siku ya mnada, wanarudi Malambo. Wakipokelewa, watasonga mbele hadi kijiji cha Digodigo. Wakikataliwa, baadhi ya wenzake wameshasema kikundi kivunjwe, kila mtu ashike jembe lake. Salima hataki hata kulisikia hilo.

"Naserian ameniahidi atakaa mbele," anasema, akijifunika tena shuka. "Akiinuka, safari hii nafufuka. Namfuata mpaka bomani, anieleze tumekosea wapi. Tunarekebisha, tunarudi tena."